Swali la aljebra liwekwe fungu gani?

Chukua maswali matatu. La kwanza: tafuta thamani ya x ikiwa 4x − 7 = 2x + 9. La pili: milinganyo mitatu yenye herufi tatu huwa na jibu lini, na lini hukosa jibu kabisa? La tatu: thibitisha kwamba kundi lolote (mfumo wa memba wanaounganishwa wawili wawili kwa kanuni maalumu) ambalo idadi ya memba wake ni namba tasa linaweza kuzalishwa na memba mmoja tu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mhandisi, na kijana wa mwaka wa tatu chuo kikuu watakuambia kila mmoja kwamba swali lake ni la aljebra, na wote watatu wanasema kweli. Ukiyatia fungu moja kwa sababu ya jina, yule wa kidato cha kwanza atafungua akitafuta msaada wa x yake akutane na nadharia ya makundi, afunge na asirudi tena.

Nimepanga maswali ya hisabati kwa miaka mingi, kwanza kwenye mafaili ya karatasi, baadaye kwenye kompyuta, na fungu lililonipa taabu kuliko yote ni hili la aljebra. Jometri hujionyesha kwa mchoro. Takwimu hujionyesha kwa jedwali. Aljebra hujionyesha kwa herufi, na herufi zimejaa kila kona ya hisabati, kwa hiyo kila swali lenye x linaletwa mlangoni kwake. Ni kama kupanga nguo kwa kuangalia vifungo.

Neno lenyewe limetembea sana. Kiswahili kilichukua hesabu, sifuri, nusu, robo na thuluthi kutoka Kiarabu, ila aljebra ilizunguka Ulaya kwanza ndipo ikatufikia ndani ya vitabu vya shule, ndiyo maana tunaisikia kama mgeni. Asili yake ni *al-jabr*, yaani kuunga au kurejesha kilichovunjika. Huko Hispania ya zamani hata fundi wa kuunga mifupa aliitwa *algebrista*. Neno hilo limo katika jina la kitabu alichoandika mwanahisabati al-Khwarizmi mjini Baghdad, katika utawala wa Khalifa al-Ma'mun, kati ya mwaka 813 na 833. Jina la kitabu linataja mambo mawili: *al-jabr* na *al-muqabala*. La kwanza ni kukihamisha kinachotolewa upande mmoja kikajumlishwe upande wa pili. La pili ni kuviweka vitu vya aina moja uso kwa uso na kuvifuta pande zote mbili, na hapo msomaji wa Kiswahili hana haja ya mkalimani, maana neno ni lile lile mkabala.

Kwa al-Khwarizmi hapakuwa na x. Alieleza kila kitu kwa maneno. Kisichojulikana alikiita kipeuo, na kipeuo kikizidishwa kwa chenyewe alikiita *mal*, yaani mali, neno tunalolitumia sisi kwa ng'ombe na mashamba. Kazi yake ya kwanza kitabuni, kabla ya kutatua chochote, ilikuwa kupanga maswali katika mafungu 6. Matatu yana vitu viwili: mali sawa na vipeuo, mali sawa na namba, vipeuo sawa na namba. Matatu yana vitu vitatu: mali na vipeuo sawa na namba, mali na namba sawa na vipeuo, vipeuo na namba sawa na mali. Alidai kwamba swali lolote la aina hii, ukishaliunga na kulikabilisha, litaangukia katika moja ya hayo 6.

Tazama mfano wake unaojulikana kuliko yote: mali na vipeuo 10 ni sawa na 39. Sisi tungeandika x² + 10x = 39. Gawa 10 kwa 2 upate 5. Zidisha 5 kwa 5 upate 25. Jumlisha na 39, iwe 64. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Toa 5, inabaki 3. Hilo ni la fungu la nne. Sasa chukua mfano wake wa fungu la tano: mali na 21 ni sawa na vipeuo 10, yaani x² + 21 = 10x. Hapa hatua zinabadilika, na majibu ni mawili, 3 na 7. Yeye mwenyewe aliona kwamba fungu hili lina tabia ya kutoa majibu mawili, akamtahadharisha msomaji.

Kwa mwanafunzi wa leo milinganyo hiyo miwili ni mmoja. Unahamishia kila kitu upande wa kushoto, unaacha sifuri kulia, unatumia kanuni moja. Kwa nini basi al-Khwarizmi aliitenga? Kwa sababu hakukubali namba zilizo chini ya sifuri kusimama peke yake katika mlinganyo, na bila hizo huwezi kuivika milinganyo yote sura moja. Mafungu yake yalifuata vifaa alivyokuwa navyo. Kila fungu lilikuwa na njia yake, na mtu akishajua fungu la swali lake alijua mkono uanzie wapi. Hapo ndipo nilipojifunza kipimo ninachokitumia mpaka leo: jina la fungu limwambie mtu aanze na nini. Jina lisilomwambia hivyo ni pambo.

Karne mbili na zaidi baadaye Omar Khayyam, mwanahisabati wa Uajemi, aliendeleza kazi hiyo hadi milinganyo ya kipeo cha tatu, akahesabu aina 25, na kati ya hizo 14 zilimlazimu kutumia mikato ya pia, yaani mistari ya kupinda inayopatikana ukikata umbo la pia kwa msumeno ulionyooka. Kisha yakaja maandishi ya herufi. François Viète wa Ufaransa alitumia herufi hata kwa namba zinazojulikana mnamo 1591, na mwaka 1637 René Descartes akaanzisha desturi tunayoifuata: a, b, c kwa zinazojulikana, x, y, z kwa zisizojulikana. Ukiongeza namba hasi zilipokubalika, mafungu 6 ya Baghdad yakamezwa na mstari mmoja: ax² + bx + c = 0. Mafungu hayakuwa na kosa. Kifaa kilibadilika, nayo yakapoteza kazi.

Turudi kwenye rundo la maswali mezani. Jambo la kwanza ninalotazama ni jibu linatakiwa litoke kwenye namba za aina gani, na watu wengi hulipita jambo hili bila kuliona.

Mama amenunua machungwa kwa shilingi 300 kila moja na maembe kwa shilingi 500 kila moja, akalipa shilingi 4,700. Alinunua mangapi ya kila aina? Ukifuta sifuri mbili za mwisho katika kila namba unapata 3x + 5y = 47. Mwalimu wa kidato cha pili ataona mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili, atasema hautoshi, ulete mwingine. Kwenye karatasi ya grafu mlinganyo huo ni mstari ulionyooka, na kila nukta ya mstari ni jibu. Lakini mama hakununua nusu embe. Tunataka namba nzima tu, na hapo majibu yanabaki matatu: machungwa 14 na embe 1, machungwa 9 na maembe 4, machungwa 4 na maembe 7. Kuyapata hakuhitaji grafu. Kunahitaji kufikiri juu ya kugawanyika: 47 ukitoa 5y lazima igawanyike kwa 3 bila baki. Hiyo ni nadharia ya namba. Mlinganyo ni ule ule, herufi ni zile zile, na swali limehama fungu kwa sababu ya neno moja, nzima. Muuliza swali akisahau kulisema neno hilo, ni kazi ya anayepanga kulisikia ndani ya habari ya maembe.

Mfano wa pili naupenda zaidi. x² − 5x + 6 = 0. Kila aliyepita kidato cha pili ataandika (x − 2)(x − 3) = 0, na kujibu 2 au 3. Sasa uhamishie swali kwenye saa ya ukutani. Kwenye saa, namba ni 12 tu, na 12 ndiyo sifuri yake: saa 8 ukiongeza saa 7 unafika saa 3. Ukihesabu namna hiyo, jaribu x = 6. Mabano ya kwanza yanatoa 4, ya pili 3, na 4 mara 3 ni 12, ambayo hapa ni sifuri. Basi 6 ni jibu. Jaribu 11: 9 mara 8 ni 72, yaani 12 mara 6, tena sifuri. Mlinganyo wa kipeo cha pili umetoa majibu manne: 2, 3, 6 na 11.

Mwanafunzi akishayaona hayo kwa mara ya kwanza hudhani amekosea kuzidisha. Hajakosea. Kilichovunjika ni jambo ambalo hakuwahi kuambiwa kwamba analitegemea: kwamba namba mbili zisizo sifuri haziwezi kuzidishwa zikatoa sifuri. Kwa namba tulizozoea ni kweli. Kwenye saa si kweli. Na hapo ndipo aljebra ya shule inapogeuka kuwa aljebra dhahania, ambayo hushughulika na kanuni za mchezo wenyewe: katika mfumo huu, kuzidisha kunafuata sheria zipi, na zipi zimekosekana? Kwa hiyo swali "tatua x² − 5x + 6 = 0" liko fungu la milinganyo ya kipeo cha pili, na swali "kwa nini mlinganyo huu una majibu manne kwenye saa" liko fungu jingine kabisa, ingawa mlinganyo haukubadilika hata alama moja.

Kinyume chake hutokea pia, swali likaja limevaa nguo za kwingine. Kiwanja cha mstatili kina mzingo wa meta 34 na eneo la meta za mraba 60. Urefu na upana ni ngapi? Pana mchoro, pana eneo, na wengi hulipeleka jometri. Lakini baada ya kuandika kwamba pande mbili zinajumlishwa kuwa 17 na kuzidishwa kuwa 60, kiwanja kimekwisha kazi yake. Kinachobaki ni x² − 17x + 60 = 0, na pande ni 12 na 5. Jasho lote lilitoka kwenye mlinganyo, kwa hiyo swali ni la aljebra. Al-Khwarizmi alijua hilo: sehemu kubwa ya kitabu chake ni maswali ya wasia na mirathi, mambo ambayo pwani yetu mpaka leo hupelekwa kwa mjuzi wa faraidhi. Mgawo wa kila mrithi unatoka kwenye sheria, lakini kutafuta kiasi kinachokosekana ni kazi ya mlinganyo.

Kwa maswali haya ya mafumbo, wapangaji wengi hutengeneza fungu la hadithi: maswali ya umri, maswali ya mabomba ya maji, maswali ya basi linalotoka Dodoma na jingine linalotoka Dar es Salaam. Sikubaliani nao. Mwanafunzi anayekariri "maswali ya umri" atakwama siku umri ukibadilishwa kuwa magunia ya mahindi, ilhali mlinganyo ni uleule. Kama ugumu wake ni kugeuza maneno kuwa mlinganyo, basi fungu liitwe hivyo, kutoka maneno kwenda mlinganyo, na mabomba na mabasi yakae humo pamoja.

Kuna maswali ambayo fungu lake halijulikani mpaka ujue aliyeuliza amekwama wapi. Mtu ananiletea mlinganyo mrefu wa kipeo cha pili, jibu lake halilingani na la kitabu. Ninafuata hatua zake, nakuta aliandika (x + 4)² kuwa x² + 16. Kanuni ya kipeo cha pili anaijua vizuri. Asichojua ni kufungua mabano. Mwoneshe kwa namba: 3 + 4 ni 7, na 7 mara 7 ni 49, lakini 9 + 16 ni 25. Swali lake nitaliweka kwenye kufungua mabano, maana atakayekuja kesho na kosa hilo hilo huenda ana mlinganyo tofauti kabisa, na kinachowaunganisha wawili hao ni mabano.

Aljebra ya mstari ina mgogoro wake. Mwanafunzi ana x + y = 10 na x − y = 4, anataka majibu. Hilo ni la shule, x ni 7 na y ni 3. Mwingine ana x + y = 10 na 2x + 2y = 25, na kila akijaribu anapata upuuzi kama 20 = 25. Akiuliza "nimekosea wapi," ni swali la shule, na anastahili kuambiwa kwamba milinganyo yake inapingana. Akiuliza "nitajuaje mapema, kabla ya kuhangaika, kwamba milinganyo 50 yenye herufi 50 inapingana," ameshavuka mpaka. Hapo anahitaji matriki, yaani majedwali ya namba zilizopangwa kwa safu na nguzo, na swali lake ni la aljebra ya mstari hata kama yeye hajawahi kulisikia jina hilo. Katika mtalaa wa sekondari ambao wengi wetu Tanzania tulisomea, aljebra ilitokea kama mada kidato cha kwanza na cha pili, na matriki yakaja kidato cha nne chini ya kichwa kingine, bila mtu kutuambia kwamba ni ndugu. Tulipofika vyuoni tukakuta jina aljebra limerudi, likiwa na sura mbili tusizozijua. Nadhani vurugu nyingi za kupanga zilianzia hapo.

Ngazi ya shule isichanganywe na mada. Nimeona mafungu yanayoitwa "aljebra rahisi" na "aljebra ngumu," na sijaona mawili yaliyokubaliana mpaka wake uko wapi. Mada ni jambo moja, kidato ni jingine, na swali linaweza kubeba alama zote mbili. Linaweza pia kubeba mada mbili pale ambapo kweli linazihitaji zote. Ila alama ya "aljebra" tupu, isiyo na neno jingine la kuisindikiza, mimi siiweki popote. Haimzuii mtu yeyote kuingia, na haimwelekezi yeyote.

Wanaofanya utafiti wa hisabati walishafikia uamuzi huo. Mpangilio wa mada unaotumiwa kimataifa kuorodhesha makala za hisabati, toleo la 2020, una sehemu kuu 63, kila moja na namba yake, na hakuna hata moja inayoitwa aljebra tu. Kuna 12 kwa polinomia (semi kama x² − 5x + 6) na nadharia ya fildi (mifumo ya namba unayoweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ndani yake), 13 kwa aljebra ya ringi (mifumo isiyolazimika kuwa na kugawanya) ambazo mpangilio wa kuzidisha haubadilishi jibu, 15 kwa aljebra ya mstari na matriki, 20 kwa makundi. Ile ya shuleni imekwenda 97, sehemu ya ufundishaji wa hisabati. Kwa mtafiti sawa. Kwa mwalimu wa sekondari, mpangilio unaotenga mafungu yote hayo na kuiacha x ya kidato cha kwanza pembeni haumsaidii, na hapaswi kuunakili. Mafungu yake yawe manene pale wanafunzi wake walipo wengi: mabano, sehemu zenye herufi, milinganyo ya kipeo cha kwanza, ya kipeo cha pili, vipeo na vipeuo, maswali ya kubwa kuliko na ndogo kuliko.

Mwaka jana nililetewa swali la mstari mmoja: tatua x⁵ − x − 1 = 0. Hapakuwa na neno jingine. Kama muuliza anataka namba nzima, kazi ni fupi. Jibu la namna hiyo lingelazimika kuigawanya 1, kwa hiyo ni 1 au −1 tu. Ukijaribu zote mbili upande wa kushoto unabaki na −1, basi hakuna, na swali ni la kugawanyika. Kama anataka namba ya kutumia kwenye kipimo, jibu lipo karibu na 1.167, linapatikana kwa kukisia na kusahihisha hatua kwa hatua, na fungu ni la makadirio. Kama anataka kanuni yenye kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na vipeuo, kama ile ya kipeo cha pili, basi amegusa jambo ambalo Niels Henrik Abel wa Norwe alilithibitisha mwaka 1824, kwamba kanuni ya jumla ya kipeo cha tano haipo, na ambalo Évariste Galois, aliyefariki mwaka 1832 akiwa na miaka 20, alilipa sababu: kila mlinganyo una kundi la namna majibu yake yanavyoweza kubadilishana nafasi, na kundi hilo ndilo linaloamua kama vipeuo vitatosha. Kundi la mlinganyo huu haliruhusu. Swali limekuwa la nadharia ya Galois.

Sikuliweka popote siku ile. Nilimwandikia aliyelileta: "Unataka jibu la namna gani, na umelipata wapi swali hili?" Alijibu jioni kwamba alilitunga mwenyewe, baada ya kujifunza kanuni ya kipeo cha pili, akitaka kuona kama kuna kanuni inayofanana na hiyo kwa kipeo cha tano. Yuko kidato cha tatu. Niliandika alama mbili, polinomia na Galois, nikaongeza kidato chake.